Jinsi Shirika la Ndege Linavyochagua Ndege ya Safari za Mbali: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Nairobi na New York

Tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilianzisha safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York kwa ndege aina ya Boeing 787-8 yenye viti 234. Miaka michache kabla yake shirika hilohilo lilikuwa limepokea ndege tatu za Boeing 777-300ER, kubwa zaidi na zenye viti 400 kila moja, lakini siku safari ya New York ilipoanza ndege hizo zilikuwa zimekodishwa kwa Turkish Airlines. Kwa nini safari ndefu kuliko zote za shirika ilipewa ndege ndogo, na ndege kubwa zikatolewa kwa wengine? Anayeweza kujibu swali hilo kikamilifu anaijua sehemu kubwa ya kazi ya kupanga ndege na safari. Mwongozo huu unapitia hatua za kazi hiyo moja baada ya nyingine, ingawa katika ofisi za mashirika mpangaji hurudi nyuma mara nyingi kabla ya kupata jibu.

Hatua ya kwanza: fahamu nani atapanda na nini kitabebwa

Kabla ya kutaja jina la ndege yoyote, mpangaji hukusanya takwimu za abiria wanaosafiri tayari kati ya miji miwili kwa kuunganisha safari kupitia kwingine. Kwa Nairobi na New York, hao ni watu waliokuwa wakipitia London, Amsterdam, Dubai, Doha, Istanbul au Addis Ababa. Kisha huongeza wale ambao hawaanzii wala hawaishii katika miji hiyo: mtu wa Entebbe, Kigali au Dar es Salaam anayeweza kubadilisha ndege Nairobi, na yule atakayeendelea kutoka New York kwenda Atlanta au Minneapolis.

Idadi peke yake haitoshi. Inapasa kujua wangapi wako tayari kulipia daraja la biashara, kwa kuwa katika safari za mbali viti hivyo vichache huweza kuamua kama safari italeta faida au hasara. Inapasa pia kujua msimu. Njia inayobeba watalii na Waafrika wanaorudi nyumbani kwa likizo hujaa Julai, Agosti na Desemba, kisha hupwaya Februari. Ndege iliyochaguliwa kwa kuangalia Desemba pekee itaruka na viti vitupu miezi mingi ya mwaka.

Mizigo nayo ihesabiwe tangu mwanzo. Maua, parachichi na mboga za Kenya husafiri kwa wingi katika matumbo ya ndege za abiria, na ndege mbili zenye idadi ya viti inayokaribiana zaweza kutofautiana sana katika nafasi ya mizigo. Boeing 787-8 hubeba kontena 28 za kawaida chini ya sakafu, ilhali 777-300ER hubeba 44.

Hatua ya pili: pima umbali utakaorukwa kweli

Umbali mfupi kabisa kati ya Nairobi na New York ni takriban kilomita 11,840. Boeing hutangaza kwamba 787-8 inaweza kuruka kilomita 13,530, na mtu akiishia hapo ataona kuna akiba kubwa. Hata hivyo, umbali unaotangazwa na watengenezaji hukokotolewa kwa ndege yenye abiria na mabegi yao bila mizigo ya biashara, isiyokumbana na upepo, na iliyoondoka kwa uzito wake wa juu kabisa. Mimi huuona kama kipimo cha kulinganisha ndege na ndege, si ahadi ya mahali itakapofika.

Upepo ndio unaoharibu hesabu hiyo kwanza. Katika anga za juu za kaskazini ya dunia, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hivyo ndege inayokwenda Marekani huupinga na ile inayorudi husukumwa nao. Ndiyo sababu ratiba ya Nairobi hadi New York ilipangwa kuwa takriban saa 15, na ya kurudi takriban saa 14. Mpangaji hachukui wastani wa upepo wa mwaka mzima, bali hutumia upepo mbaya wa majira ya baridi, ili safari isilazimike kutua njiani kuongeza mafuta kila Januari.

Jambo la pili ni anga zilizofungwa. Njia fupi kutoka Nairobi kwenda Marekani huelekea kaskazini-magharibi, juu ya maeneo ambayo hayana utulivu. Anga ya Sudan ilifungwa Aprili 2023 vita vilipozuka, na ndege nyingi zinazounganisha Afrika Mashariki na Ulaya zikalazimika kuzunguka. Finnair ilipata pigo kubwa zaidi mwaka 2022 ilipozuiwa kupita juu ya Urusi: safari ya Helsinki hadi Tokyo, iliyokuwa ikichukua chini ya saa 10, ikafika takriban saa 13. Ndege iliyochaguliwa bila akiba ya umbali hukosa kazi siku ramani inapobadilika.

Hatua ya tatu: chunguza uwanja wa kuondokea kabla ya kuichunguza ndege

Hapa ndipo wasomaji wengi wa majedwali ya ndege hupotea, na ndipo Afrika Mashariki inapotofautiana na sehemu nyingi za dunia. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho uzito wa hewa hupungua kwa karibu asilimia 15 ukilinganishwa na pwani, na joto huupunguza zaidi. Hewa nyepesi hupunguza nguvu za injini, na mabawa nayo huhitaji mwendo mkubwa zaidi ili kuinua uzito uleule. Ndege hukimbia sehemu ndefu zaidi ya barabara ya kurukia, huku matairi yake yakiwa na kasi ya juu yasiyoruhusiwa kuivuka.

Kuna sharti jingine lisiloonekana na abiria. Sheria inadai kwamba injini moja ikizimika wakati ndege imeshafikia mwendo ambao haiwezi tena kusimama salama, iliyobaki iweze kuipandisha ndege juu ya vilima na majengo yaliyo mbele. Katika uwanja wa juu, mara nyingi sharti hili ndilo linaloweka kikomo cha uzito, hata pale ambapo barabara ni ndefu. Barabara ya Nairobi ina zaidi ya kilomita 4, na bado urefu huo haufuti tatizo la kupanda.

Addis Ababa, kwa mita 2,334, ni mfano ulio wazi zaidi. Ethiopian Airlines imekuwa ikienda Washington kwa kutua njiani, kwa vipindi tofauti Dublin au Lomé, ili kuongeza mafuta, ilhali safari ya kurudi huenda moja kwa moja kwa kuwa uwanja wa Washington uko karibu na usawa wa bahari na upepo unaisukuma ndege. Ndege ni ileile na miji ni ileile, ila uwanja wa kuondokea ni tofauti.

Dawa mojawapo ya tatizo hili ni saa ya kuondoka. Safari ya New York ilipangwa kuondoka Nairobi usiku, hewa ikiwa baridi na nzito zaidi, na mpango huo humfaa pia abiria anayewasili asubuhi. Ndege ileile ikiondoka saa 8 mchana ingelazimika kupunguza abiria au mizigo.

Hatua ya nne: fanya hesabu ya uzito kwa mkono

Hesabu ifuatayo ni ya kukadiria, na mashirika hutumia programu zenye usahihi mkubwa zaidi, lakini inaonyesha jinsi uamuzi unavyofikiwa. Andika mistari minne.

Mstari wa kwanza ni uzito wa juu ambao 787-8 inaruhusiwa kuwa nao inapoanza kuruka, yaani karibu tani 228. Wa pili ni uzito wa ndege yenyewe pamoja na viti, wahudumu, vyakula na vifaa, ambao tutaufanya tani 120. Wa tatu ni mafuta: ndege hii huchoma takriban tani 5 kwa saa, kwa hiyo saa 15 zinahitaji tani 75, na akiba ya lazima ya kwenda uwanja mbadala na kuzunguka ikisubiri kutua tuiweke tani 7. Jumla ya ndege na mafuta ni tani 202. Mstari wa nne ni kinachobaki kwa ajili ya abiria na mizigo: tani 26.

Ukimhesabia abiria na mabegi yake kilo 100, viti 234 vilivyojaa ni tani 23.4. Inaonekana zinabaki tani mbili na nusu za maua. Sasa tuseme kimo cha uwanja na joto la usiku ule vinaondoa tani 5 kwenye uzito unaoruhusiwa. Kinachobaki ni tani 21, yaani abiria 210 bila kilo moja ya mizigo ya biashara. Kila tani inayopotea Nairobi ni watu kumi wanaobaki chini, na hao ndio waliopaswa kulipia safari.

Mtu anaweza kusema iongezwe tangi la mafuta. Tatizo si nafasi ya mafuta, kwani matangi ya 787-8 huchukua zaidi ya lita 120,000, kiasi kinachozidi kwa mbali tani 82 tulizohesabu. Tatizo ni kwamba mafuta nayo ni mzigo. Katika safari ya saa 15, sehemu kati ya theluthi na nusu ya kila tani ya mafuta unayoongeza huchomwa kwa kazi ya kuibeba tani hiyo yenyewe. Ndiyo maana safari ndefu sana hugharimu zaidi kwa kila kilomita kuliko safari ya wastani, na ndiyo maana kutua njiani si ujinga kama wauza tiketi wanavyotaka tuamini.

Hatua ya tano: hakikisha ndege inaruhusiwa kupita huko

Ndege yenye injini mbili hairuhusiwi kwenda mbali na uwanja wa dharura kupita muda uliowekwa, ukipimwa kwa mwendo wa injini moja. Zamani muda huo ulikuwa dakika 60, na ndiyo sababu bahari zilivukwa kwa ndege za injini tatu au nne. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu shirika lake la ndege la TWA kurusha Boeing 767 kupita dakika hizo 60 chini ya utaratibu mpya, unaojulikana kwa kifupisho ETOPS, na tangu hapo kiwango kimepanda: mwaka 2014 Boeing 787 ilipewa dakika 330, na Airbus A350 ikapewa hadi dakika 370.

Kwa Nairobi na New York sharti hili halina ugumu mkubwa, kwa kuwa juu ya Atlantiki kuna viwanja kama Lajes katika visiwa vya Azores na St. John's huko Kanada. Kibali hiki, hata hivyo, hakitolewi kwa ndege pekee. Shirika lenyewe lazima lithibitishe kwamba mafundi na marubani wake wanafuata utaratibu huo, na nchi yake lazima itambuliwe na nchi inayopokea. Kenya ilipata daraja la kwanza la usalama wa anga kutoka kwa mamlaka ya Marekani Februari 2017, na bila hatua hiyo safari ya 2018 isingewezekana hata kama shirika lingekuwa na ndege bora kuliko zote duniani.

Hatua ya sita: linganisha gharama ya safari na gharama ya kiti

Gharama mbili huchanganywa mara kwa mara. Ya kwanza ni gharama ya safari nzima: mafuta, marubani, ada za viwanja na za kupita angani, matengenezo na kodi ya ndege. Ya pili ni gharama hiyo ikigawanywa kwa idadi ya viti. Ndege kubwa karibu kila mara hushinda katika hesabu ya pili na kushindwa katika ya kwanza. Viti 400 vya 777-300ER ni nafuu kimoja kimoja, mradi vipate watu. Basi kubwa linalosubiri abiria stendi hadi jioni halimpi mwenyewe faida kwa sababu tu lina viti vingi.

Kenya Airways ilipokea ndege hizo kubwa mwaka 2013 na 2014, wakati utalii wa Kenya ulikuwa unaporomoka kwa sababu za usalama na soko la Afrika Magharibi likayumbishwa na Ebola. Kufikia 2016 zilikuwa Uturuki, ambako kuna kitovu, yaani uwanja unaounganisha safari nyingi, chenye abiria wa kuzijaza. Uamuzi wa kuzikodisha ulilaumiwa sana nchini, lakini kwa maoni yangu ulikuwa sahihi: shirika lenye hasara halina sababu ya kurusha viti vitupu kwa ajili ya fahari.

Historia ya dunia imeelekea upande huohuo. Singapore Airlines ilianza kwenda Newark moja kwa moja mwaka 2004 kwa Airbus A340-500 yenye injini nne, ikaacha mwaka 2013 kwa kuwa bei ya mafuta iliimeza safari, na ikarudi mwaka 2018 kwa A350-900ULR yenye injini mbili na viti 161 tu, bila daraja la kawaida hata kidogo. Airbus nayo ilitangaza Februari 2019 kwamba itaacha kutengeneza A380, na ya mwisho ikakabidhiwa Emirates Desemba 2021. Ndege hiyo ilifanikiwa Dubai kwa sababu Dubai ni kitovu kinachokusanya watu kutoka pande zote. Mashirika mengine mengi yalipendelea kurusha ndege ndogo mara mbili kwa siku, kwani abiria wa biashara hununua saa inayomfaa kabla ya kununua kiti.

Hatua ya saba: panga viti ndani ya ndege

Boeing 787-8 ya Kenya Airways ina viti 234, 30 vya daraja la biashara na 204 vya kawaida. Ile ya Air Tanzania ina viti 262, vikiwa 22 na 240. Nje huwezi kuzitofautisha ila kwa rangi. Uamuzi wa mpango wa viti hufanywa mara moja na hukaa miaka mingi, kwa hiyo ndege iliyopangwa kwa ajili ya njia moja hulazimika kutumika hivyohivyo katika nyingine. Airbus A330-800 mbili za Uganda Airlines, zenye viti 258 katika madaraja matatu, zina uwezo wa kuvuka Atlantiki, lakini safari yake ya kwanza ya kimataifa nje ya Afrika, mwaka 2021, ilikuwa Entebbe hadi Dubai, umbali wa takriban kilomita 3,700. Hapo shirika hubeba uzito wa mabawa na matangi ambayo halihitaji, wakati washindani kama flydubai huhudumia miji ya pwani yetu kwa Boeing 737.

Hatua ya nane: hesabu ndege, si ndege moja

Safari ya saa 15 kwenda na saa 14 kurudi, ukiongeza muda wa kusubiri kila upande, haiishi ndani ya saa 24. Kwa hiyo safari ya kila siku inahitaji ndege mbili zinazopishana. Kenya Airways ilikuwa na 787 tisa. Kuzitoa mbili kwa New York kulimaanisha kuziondoa mahali pengine, na inapasa pia kuwepo ndege ya kushika nafasi pale moja inapoharibika. Kila safari huhitaji marubani wanne wanaopokezana na vitanda vya kupumzikia, kisha timu nzima hulala hotelini New York. Shirika lilianza na safari za kila siku, halafu likazipunguza msimu ulipopwaya, na upunguzaji wa aina hiyo ni wa kawaida.

Swali linalofuata ni nani atakayetengeneza injini. Tangu mwaka 2016, injini za Rolls-Royce Trent 1000 zilizo katika baadhi ya 787 zilionyesha kuchakaa mapema kwa vipande vya ndani, na mashirika mengi duniani yaliegesha ndege zao yakisubiri karakana. Kenya Airways ilikuwa imechagua injini za General Electric. Shirika lenye ndege 100 huvumilia tatu zilizoegeshwa, lakini lenye mbili hufuta safari.

Kuhusu uwanja wa kufikia, kagua pia upana wa mabawa. Viwanja vingi hupokea mabawa yasiyozidi mita 65, na ndiyo maana Boeing 777-9 imetengenezewa ncha za mabawa zinazokunjwa.

Zoezi: Dar es Salaam hadi Guangzhou

Chukua karatasi urudie hatua hizi kwa safari ambayo Air Tanzania ilianzisha mwaka 2021. Umbali ni takriban kilomita 8,700. Uwanja wa Julius Nyerere una barabara ya kurukia ya mita 3,000, na joto lake ni kali, ila uko karibu na usawa wa bahari. Safari ya saa 11 huhitaji tani 55 za mafuta na tani 7 za akiba. Ongeza tani 120 za ndege, upate 182. Kwa uzito wa kuruka wa tani 228, zingebaki tani 46.

Hapa kikomo kingine hujitokeza. Boeing hairuhusu 787-8 bila mafuta izidi tani 161, kwa hiyo hata barabara ingekuwa ndefu kiasi gani, abiria na mizigo havivuki tani 41. Viti 262 vikijaa ni tani 26, na tani 15 hubaki kwa ajili ya mizigo. Abiria wa njia hii wengi ni wafanyabiashara, wakiwemo wa Kariakoo, ambao mabegi yao huzidi kilo 100 tulizomhesabia kila mtu, na wanaporudi hutaka bidhaa zao zipande ndege ileile. Kwa hiyo punguza tani 15 hizo kabla ya kumwahidi mtu nafasi ya mizigo, kisha angalia kontena 28: shehena ya nguo na vifaa vya plastiki huweza kuzijaza kabla tani hazijaisha.